Tiara Isiyotii Humvuta Mtoto Nyuma



Simu ilitujia baada ya sala ya isha, na aliyepiga ni dada yetu mdogo anayekaa Umoja, kule Eastlands jijini Nairobi. Hakuanza kwa salamu ndefu kama ilivyo ada yake. "Kaka," alisema, "huyu mpwa wako amenishinda. Leo alikuwa juu ya paa na tiara yake, akirudi kinyumenyume, macho yote yako juu, na kama si ule ukuta mdogo wa ukingoni, saa hizi tungekuwa twazungumza mengine. Tiara nimeitia moto. Nataka uje umkanye wewe, maana baba yake yuko Doha na maneno ya simu hayamwingii."

Kijana ana miaka 13. Hiyo ilikuwa tiara ya tatu kutiwa moto katika muda wa likizo moja. Tulipanda gari moshi la asubuhi kutoka Mombasa, na tulipoteremka Syokimau tulikuwa tumekwisha kuipanga hotuba yetu, mwanzo wake na mwisho wake. Hatukuitoa. Kilichotuzuia ni tiara ya nne, ambayo kijana alikuwa ameificha nyuma ya kabati. Tulipoitazama kwa jicho la mtu aliyekulia Lamu, ambako upepo wa kusi huwafunza watoto mapema, ilitueleza yenyewe kwa nini mtoto alikuwa akirudi nyuma.

Tiara, ambayo baadhi yetu twaiita kishada na watoto wa Eastlands huiita kaiti, ni chombo cha upepo sawa na jahazi. Ina mifupa, ina tanga, ina kamba ya kuliongoza tanga. Kosa dogo katika kimojawapo huonekana mara moja mikononi mwa anayeirusha.

Tuanze na mifupa. Kijana alikuwa amechomoa njiti mbili katika ufagio wa mama yake, akazikingamanisha. Kila mwanamke aliyeshika ufagio wa chelewa ajua kwamba njiti yake ina shina nene na ncha nyembamba. Basi njiti iliyolala upana wa tiara ilikuwa ngumu upande wa kushoto na laini upande wa kulia. Upepo ulipopiga, upande laini ulipinda, ukaumwaga upepo, na tiara ikawa yaelemea kulia daima kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Dawa yake ni nyepesi: hulazwa njiti mbili pamoja, shina la moja likielekea ncha ya nyingine, zikafungwa kwa uzi, na pande zote mbili zikawa na nguvu moja.

Kisha tanga. Wazazi wengi waliokulia Eastlands walirusha tiara za mfuko wa plastiki wa dukani, ambao ulikuwa mwepesi na haukupitisha hewa wala maji. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga mifuko hiyo marufuku, kwa adhabu ya faini ifikayo shilingi milioni 4 au kifungo kifikacho miaka 4. Ilikuwa haki kuipiga marufuku, kwani mitaro ya Nairobi ilikuwa imekabwa koo, lakini hatudhani kama kuna aliyewafikiria warushaji tiara. Mifuko iliyokuja badala yake ni ya kile kitambaa kisichofumwa, chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Uweke mdomoni upulize, pumzi itapita. Mfuko huo ni mzito kuliko ule wa kwanza na hauushiki upepo vizuri, na ndio uliokuwa tanga la tiara ya nne. Watoto werevu zaidi huunganisha karatasi za mkate, ambazo marufuku haikuzigusa kwa kuwa ni vifungashio vya kiwandani, au hutumia karatasi za pakiti za unga.

Lakini kosa kubwa lilikuwa katika zile nyuzi fupi zinazofungwa kifuani pa tiara mahali pawili, juu na chini, kisha zikakutana katika fundo moja linaloshika uzi mrefu. Tutaziita hatamu, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya hatamu ya punda wetu wa Lamu. Fundo la hatamu ndilo linaloamua tiara ielekeze kifua chake vipi kwa upepo. Likiwa juu, karibu na kichwa, tiara hulala zaidi juu ya upepo, hupanda hadi karibu na utosi wa anayeirusha, na uzi huwa mwepesi mkononi. Likipita kiasi kwenda juu, tiara hutangulia upepo wake, tanga hupigapiga, ikaanguka kifudifudi. Likiwa chini, tiara husimama na kifua wazi kama mlango uliofunguliwa mbele ya dhoruba: huvuta kwa nguvu, huyumba, wala haipandi.

Fundo la mpwa wetu lilikuwa chini mno. Na sasa mkasa wa paa ukaeleweka. Upepo ukiwa mkali, tiara ilimvuta hata akaona ni nzuri, kwa kuwa watoto hudhani mvuto ndio ubora. Upepo ulipolegea, tiara ilizama papo hapo, naye akawa hana njia ya kuiokoa ila kutembea kinyumenyume ili aizulie upepo kwa miguu yake. Uwanjani hilo huleta kujikwaa tu. Juu ya paa la ghorofa ya tano lina mwisho.

Tulilisogeza fundo juu kwa upana wa vidole viwili, tukajiona mafundi. Kisha, kwa kukumbuka kwamba tiara za utotoni mwetu zilikuwa na mikia mirefu, tukaufunga mkia wa matambara unaokaribia urefu wa mtu. Twakiri kwamba tulikosea. Mkia huituliza tiara kwa kuikokota kutoka nyuma, lakini kila shibiri yake ni uzito na ni ukinzani, na tanga lile lenye vitundu halikuwa na nguvu ya kuubeba. Tiara ilining'inia hewani kama kitambaa kilichosahauliwa kambani. "Mjomba," kijana alisema kwa adabu, "si tuupunguze kidogo?"

Aliyetuondolea aibu ni dada yake wa miaka 11, ambaye alifunga uzi kutoka ncha moja ya njiti ya upana hadi ncha ya pili, akaukaza mpaka njiti ikawa upinde. Mtoto yule hakujua kwamba jambo hilo lina historia. Katika miaka ya 1890 Mmarekani William Eddy, akiziiga tiara za Wamalei, aliipinda njiti ya upana ya tiara yake na akapata kuirusha bila mkia wowote. Tiara iliyopinda hukaa hewani kama mtumbwi majini: ikielemea upande mmoja, upande ulioshuka hupokea upepo zaidi na kusukumwa kurudi mahali pake. Tulikata robo tatu ya mkia wetu, na tiara ikapanda, ikatulia, uzi ukiwa mwepesi hata binti akaushika kwa vidole viwili.

Tulimwita mama yao aje aone. Alitazama, akanyamaza, kisha akauliza swali lililotushinda: "Na paa je?"

Hapo alikuwa na haki, na hatukuwa na la kumjibu. Watoto wa Umoja, Kayole na kwingineko kwenye magorofa yaliyosongamana hupanda paani kwa sababu chini, baina ya majengo, hakuna upepo wa maana. Kuna vimbunga vidogo vinavyozunguka na taka. Lakini hata upepo wa paani si safi. Upepo ukigonga jengo huvunjika mfano wa wimbi lililogonga mwamba, na nyuma ya jengo hubaki umevurugika kwa masafa marefu. Wenye uzoefu wa tiara hushauri kukaa mbali na kizuizi kwa kiasi cha mara saba ya kimo chake. Jengo la ghorofa tano lina kimo cha kama mita 15, basi mtu angehitaji kuliacha nyuma kwa zaidi ya mita 100. Nani Umoja ana mita 100 zisizo na jengo jingine? Tiara ya paani hupaa ghafla na kuzama ghafla hata ikiwa imeundwa na bingwa, na kila ikizama mtoto hurudi nyuma.

Tena kuna nyaya za umeme. Uzi mkavu una hatari, na uliolowa una hatari zaidi. Tulikuta mkia wa tiara moja ya jirani umetengenezwa kwa utepe wa kaseti ya zamani, na mifupa yake ni waya. Mama anayesoma haya aiangalie tiara ya mwanawe leo: isiwe na waya, wala bati, wala utepe unaong'aa. Na tiara ikinasa kwenye nyaya, imekwenda. Asiifuate kwa fito wala kwa kuparamia nguzo. Kwa wakaao Eastleigh na mitaa iliyopakana nayo, wakumbuke pia kwamba pale pana uwanja wa ndege za kijeshi wa Moi, na uzi mrefu angani si mchezo mbele ya rubani.

Dada yetu alikuwa na hofu nyingine, aliyoipata simuni, ya nyuzi zinazopakwa vumbi la kioo. Hofu hiyo si ya bure. Katika jimbo la Punjab nchini Pakistan urushaji wa tiara ulipigwa marufuku kwa miaka mingi, kwa kuwa nyuzi za namna hiyo ziliwakata shingo wapanda pikipiki na wapita njia. Hatukuziona Umoja, na tulimwapisha kijana asizijaribu.

Ndipo kijana akatoa simu ya mama yake akatuonyesha picha ya video: mtu amesimama ufukweni, mkono wa kulia ana uzi na wa kushoto ana uzi, na tiara mbele yake ikikata kulia, ikipinduka, ikishuka kama mwewe hadi karibu na mchanga, kisha ikisimama. "Mjomba, huyu harudi nyuma," alisema. Tuliitazama mara tatu. Ni kweli, mtu yule alisimama palepale.

Tiara ya nyuzi mbili si uchawi wala si jambo la jana. Katika Vita vya Pili vya Dunia Mmarekani Paul Garber aliunda tiara yenye usukani na nyuzi mbili, na jeshi la majini la nchi yake likaitumia kuwafunza wapiga mizinga kulenga shabaha inayokwenda mbio. Mwaka 1972 Mwingereza Peter Powell alibuni ya kwake, yenye umbo la almasi na mkia mrefu wa mpira wa plastiki ulio wazi ndani, ambayo ilivuma ulimwenguni katika miaka iliyofuata. Umbo la pembetatu tulionalo leo lina nasaba nyingine inayowahusu zaidi wasomaji wetu wa kike. Mwaka 1948 mhandisi Francis Rogallo na mkewe Gertrude walibuni bawa laini lisilo na mifupa mizito, na aliyelishona ni Bi Gertrude, kwa kitambaa cha pazia la jikoni mwake. Hataza yao ilitoka mwaka 1951.

Usukani wake ni huu. Ukivuta mkono wa kulia, bawa la kulia husogea kwako na kupunguza mwendo. La kushoto hulipita, na tiara hugeuka kulia. Ukilinganisha mikono, huenda moja kwa moja kule kichwa kinakoelekea, hata kama ni ardhini! Kwa hiyo kila kipimo cha ujenzi huonekana katika mwendo. Mabawa mapana huichukua tiara hata katika upepo dhaifu na kuifanya igeuke polepole, kwa heshima; mabawa mafupi huizungusha kama pia. Tanga lenye tumbo, lililoinuliwa kwa vijiti vidogo vya nyuma, huvuta kwa nguvu na kwenda kwa mstari ulionyooka, ilhali tanga lililolala hupinduka kwa urahisi na kumchosha anayejifunza. Mifupa myepesi ni neema katika upepo wa asubuhi, lakini upepo ukizidi hupinda na kuliharibu umbo lote. Hatamu, ambazo sasa ni mbili, moja kwa kila bawa, zikifungwa kuelekea kichwani tiara hukimbia na kugeuka kwa duara pana. Zikishushwa kidogo hugeuka palepale ilipo, lakini hukwama hewani kwa urahisi.

Sifa iliyotuvutia sisi ni kwamba tiara hii haifai paani. Nyuzi za mita 20 zinataka uwanja wa mita 20 mbele na kila upande, bila ukuta, bila waya, bila mtu. Haipandi juu zaidi ya urefu wa nyuzi zake. Na mvuto wake una mahali pa kukimbilia: katikati, mbele ya kifua chako, tiara ina nguvu zake zote, ukiipeleka ukingoni kabisa, kulia au kushoto, nguvu humwishia ikatua. Mrushaji ana uwezo wa kuizima. Tulimweleza dada yetu hayo, naye akatoa sharti moja: itengenezwe, lakini paa lifungwe kwa kufuli na ufunguo akae nao yeye.

Kitambaa tulikipata Gikomba, mwavuli mkubwa uliovunjika, wa rangi ya kijani. Kitambaa cha mwavuli kimefumwa kwa uzi mwembamba uliobana, ni chepesi, na hakipitishi maji wala hewa nyingi. Mbavu zake za chuma tuliziacha sokoni. Dada yetu, ambaye alikuwa amesema hatagusa kazi hii, aliona tunavyokata kitambaa tukaharibu pembe moja, akatupokonya mkasi. Alikunja kitambaa katikati kwanza, akakata pande zote mbili kwa pamoja ili zisitofautiane hata kwa unywele, akapinda ukingo kwa cherehani ili usipigepige. Mifupa ya chelewa ilivunjika katika jaribio la kwanza. Tukatumia mianzi iliyopasuliwa na kupigwa msasa, kila fito ikipimwa kwa kulazwa juu ya kidole hadi tujue pande mbili zina uzito mmoja.

Jumapili baada ya alasiri tulikwenda Kaloleni. Mtaa ule ulijengwa katika miaka ya 1940, nyumba zake ni za chini na uwanja wake ungali wazi, jambo ambalo wajenzi wa siku hizi wangelifikiria walau mara moja kwa mwaka. Tiara ilipaa, ikageuka kushoto, ikajipiga chini. Ikapaa tena, ikageuka kushoto, ikajipiga chini. Kijana alikuwa karibu kulia. Binti akaziokota nyuzi zote mbili, akazifunga ncha kwenye msumari wa kizingiti, akatembea nazo hadi mwisho: uzi wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa kiganja. Alikuwa amezipima nduguye kwa hatua, kila mmoja peke yake. Uzi wenyewe ulikuwa wa kushonea viatu, na tulishukuru kwamba hatukununua ule wa kuvulia samaki, ambao hurefuka ukivutwa na amri ya mkono hufika imechelewa.

Zilipolingana, ilikwenda. Ilikwenda upesi kuliko tulivyotarajia, ikavuma kama nyuki, na tukalazimika kuwaamuru watoto waliokusanyika wasimame wote nyuma ya mrushaji, kwani tiara ya namna hii ikishuka ni fimbo, na nyuzi zilizokazwa hukata ngozi. Hilo tunalisisitiza kwa kila mzazi: mbele ya nyuzi hapasimami mtu. Kijana aliirusha kwa nusu saa. Tulimtazama miguu yake. Ilikuwa imetulia katika majani, kisigino kimoja kimezama kidogo, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

Mama yake pia aliitazama ile miguu. Kisha alifunga ncha za buibui lake kiunoni, akasema, "Hebu lete." Aliiangusha mara mbili. Ya tatu aliipeleka kulia taratibu, akairudisha, akaipeleka kushoto, akicheka kwa sauti tuliyokuwa hatujaisikia tangu mumewe aondoke. Kijana alinyosha mkono kudai zamu yake. "Ngoja kidogo," alimwambia, na adhana ya magharibi ilikuwa karibu alipozitoa zile nyuzi mkononi.

Juzi ametuletea ujumbe Mombasa. Amepata mwavuli mwingine Gikomba, mweusi, mpana kuliko wa kwanza, na anauliza kama mianzi ya kwetu ni myembamba kuliko ya Nairobi. Ufunguo wa paa, amesema, bado anao.